Tinti Iliyobanduka Nzima

Karatasi ya tinti ikishakaa kwenye kioo cha gari muda mrefu, haibanduki nzima. Muulize fundi yeyote. Inakatika vipande vipande, gundi inabaki kwenye kioo kama makamasi, nawe unakwangua mpaka kucha zinauma. Ndivyo kazi ilivyo.

Ile ilibanduka nzima.

Kiwembe, fundi wa tinti, alikuwa ameitwa kubandua tinti ya vioo vya gari moja bovu lililoburutwa kutoka nje ya mji. Walisema lilikutwa limesimama pembeni mwa barabara, milango imefungwa loki kwa ndani, ufunguo unaning'inia mahali pake, na mtu hamna. Hakuuliza mengi. Alichomeka wembe kwenye kona ya kioo cha nyuma, akavuta kidogo kujaribu, na karatasi ikaufuata mkono wake taratibu kama ganda la ndizi mbivu. Kioo kikabaki safi, bila gundi hata tone. Karatasi yenyewe ilikuwa nyeusi tii, laini, tena ina joto, ingawa gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi.

Angeitupa. Lakini fundi na mabaki ni kama mama na nguo za mtoto aliyekua, hatupi kitu. Akaikunja, akaisukumia nyuma ya kabati karakanani kwake.

Ikakaa huko mpaka asubuhi ile dada yake mkubwa alipoleta gari. Alikuja na mumewe na mtoto wao wa pekee, Kadogo, aliyefungwa kitenge kichwani na kuvishwa soksi mikononi. Ngozi ya Kadogo ilikuwa haivumilii jua. Akikaa dirishani kidogo tu, uso unavimba na kutoka malengelenge. Wiki ile alikuwa amelazwa kwa ajili hiyo.

"Nataka ile nyepesi," dada akasema kabla hata ya salamu kuisha. "Ile inayozuia miale. Daktari kasema kinachomuunguza ni miale, siyo mwanga. Na mimi nikiwa nje nataka nimwone mwanangu ndani."

"Nyepesi ya nini?" mumewe akadakia. Shemeji huyo alikuwa mtu wa maneno, hata msibani anachekesha. "Shem, tupigie ile nyeusi ya waheshimiwa. Nikipita watu wakae pembeni wajue kuna mkubwa."

"Mkubwa gani, na gari lenyewe linawashwa kwa kusukumwa?"

"Wanaosukuma ndio walinzi wangu, mama Kadogo!"

Kiwembe akacheka, kisha akajivuna kidogo, maana kazi yake aliijua. "Dada yuko sawa. Weusi siyo kinga. Kuna nyeusi zinapitisha miale yote, na kuna nyepesi unaiona kama maji lakini jua halipenyi. Wengi wanakosea hapo. Niachieni. Mkirudi baada ya adhuhuri mtalikuta tayari. Kwangu mimi haiharibiki kazi."

Akaanza na vioo vya mbele. Nyepesi ikakaa vizuri, bila povu. Alipogeukia milango ya nyuma, bunda la nyepesi likaisha mkononi. Akatafuta juu ya kabati, chini ya meza, hamna.

Angepiga simu. "Dada, nimeishiwa." Maneno mawili tu, na dada yake angesema basi kesho, na mtoto angerudi nyumbani kwa miguu chini ya mwavuli. Lakini alikuwa ameshajisifu mbele ya shemeji. Sisi binadamu, Mungu atusamehe, tuko radhi kuharibu kazi ya mtu kuliko kuonekana tumepungukiwa. Kiwembe akapeleka mkono nyuma ya kabati.

Siku zote, kabla wembe haujagusa kioo, alikuwa akisema Bismillahi. Siku hiyo wembe ulikuwa katikati ya meno, na alipoutoa akakata kimya.

Karatasi ilipokatwa, ukingo wake ukavimba kidogo, kama kidole kilichobanwa na mlango. Akanyunyiza maji ya sabuni, akaibandika kwa ndani, akakamua maji kwa kibao cha mpira. Yaliyotoka yalikuwa ya vuguvugu. Akaipulizia hewa kwa kipuliza moto ili ikaze, na badala ya harufu ya gundi ikapanda harufu ya nywele zinazoungua. Kwenye kona ya chini ya mlango wa nyuma likabaki povu. Akalisukuma, likahama. Akalisukuma tena, likagawanyika, yakawa mapovu madogo matano yamelizunguka kubwa moja, na yalipotulia yalikuwa kiganja cha mkono, kidogo, kimebandikwa kwenye kioo kama mtu anayesukuma kutoka upande wa pili.

"Litakauka lenyewe," Kiwembe akasema kwa sauti, kama anavyowaambia wateja.

Dada yake alipotokea, hata mkoba hakuuweka chini. "Hii nini?"

"Dada, nyuma nimeweka..."

"Nimekuuliza hii nini? Mtoto wangu nitamwonaje humo?"

"Nyeusi!" shemeji akapiga makofi. "Shem, Mungu akuzidishie!" Akafungua mlango wa nyuma, akampakia Kadogo, akaubamiza, yeye mwenyewe akaingia mbele na kushika usukani kama anayepigwa picha. Dada akabaki nje akimfokea mdogo wake, jua la mchana likiwapiga utosini wote wawili, na hakuna aliyejali loki za milango minne ziliposhuka kwa pamoja: tak.

"Baba," sauti ya Kadogo ikasikika kutoka ndani, "mbona usiku umeingia?"

"Usiku wa wapi, mchana wote huu?" Shemeji akacheka. Kisha akageuza shingo kutazama nyuma, na kicheko kikakatika. Aliposema tena, alisema kwa chini sana. "Kadogo. Nani huyo kakaa na wewe?"

Kupitia kioo cha mlango wa mbele, kile chepesi, Kiwembe na dada yake waliona kila kitu. Waliona nyuma ya viti giza limesimama kama pazia, na katikati ya pazia ukatoka mkono mwembamba usio na unene, kama ukanda uliokatwa kwenye karatasi, ukamzunguka shemeji shingoni, ukamvuta nyuma mpaka kiti kikalia, ukamrudisha mbele na kumbamiza uso kwenye usukani, honi ikapiga, ukamvuta tena, ukambamiza tena, na kila honi ilipopiga damu iliruka kwenye kioo, na taya lake likavunjika kwa mlio ambao dada aliusikia akiwa nje, akaanguka magotini akipiga mlango kwa viganja na kulia, "Mtoeni mwanangu! Mtoeni mwanangu!"

Kiwembe akashika nyundo. Tinti nzuri huzuia kioo kisimwagike kikivunjika, na siku hiyo aliilaani kazi yake mwenyewe, maana alipiga, kioo kikapasuka chote lakini kikabaki kimeshikana kwenye karatasi, akapiga tena, akapiga, mpaka nyundo ikatoboa, akachana kwa mikono, vigae vikamla vidole, akamkamata shemeji kwapani na kumvuta nje kupitia dirishani kama gunia, taya likining'inia upande. Alipomlaza chini akaona alama ya ukanda imebaki shingoni, nyekundu, mahali ule mkono ulipopita.

Nyuma, mtoto alikuwa hasikiki tena.

"Kadogo!" dada akaita.

Ikajibu sauti isiyo ya mtoto, kavu, kama wembe unaokwangua kioo. "Usipige kelele. Ndiyo kwanza nimepata kioo chenye mtu."

Kiwembe akaokota kile kipuliza moto na waya wake, akapenya dirishani, akavuka viti na kuingia kwenye giza. Humo ndani baridi ilikuwa ya kisima, na harufu ya nywele zilizoungua ilimjaa mpaka kooni, na jua lote la mchana ule likawa limebaki nje kana kwamba halijawahi kuumbwa. Akaanza kusoma Ayatul Kursiy, mkono mmoja ukipuliza moto kwenye kioo na mwingine ukitafuta kona ya karatasi kwa wembe, na kona ikainuka, karatasi ikapiga ukelele, ikaacha kioo na kumrukia mkononi, ikamnata kutoka kiwiko hadi kifundo, kisha ikajivuta taratibu, vilevile alivyoivuta yeye siku ile, na ngozi ya mkono wake ikaifuata, nzima, bila kukatika.

Akapiga yowe. Lakini aliendelea kusoma. Kila neno lilipomtoka giza lilipungua kidogo, kwa mbali akaliona gauni la Kadogo, akauona uso wake, na akaona weusi ukimpanda mtoto mashavuni kama maji yanayojaa, ukielekea kwenye macho yaliyofunguka, yanayong'aa, vioo viwili vidogo vilivyobaki safi humo ndani.

"Sitoki uchi," ile sauti ikamnong'oneza sikioni. "Ulinivua, nikakaa kimya. Ukanivisha, nikakaa kimya. Sasa nipe kioo nikae, au nachukua hivi viwili."

Aya ilikuwa imebaki nusu. Angeimaliza. Tangu hapo hapajapita sala ambayo Kiwembe hajalia kwa ajili ya ile nusu. Lakini weusi ulikuwa umeshagusa kope za mtoto, ulimi wake ukateleza kutoka kwenye maneno ya Mungu, akasema, "Chukua changu."

Kitu cha moto kikampiga jicho la kulia, na jua likarudi lote kwa mara moja.

Loki zikafunguka. Kadogo alitoka na kumrukia mama yake, mzima, bila hata mkwaruzo. Shemeji alifungwa waya taya, na mpaka leo anakula vya kunyonya kwa mrija. Vichekesho amebaki navyo, ila ni dada tu anayevielewa. Shehe aliitwa. Alilisomea gari ndani na nje, akapaka vioo maji ya dua, akasema, "Humu hamna kitu. Kimetoka." Na kweli, humo hamkuwa na kitu. Kiwembe akaweka nyepesi vioo vyote kwa mkono mmoja, Bismillahi kila kipande.

Jicho lake lilikuwa linaona vizuri, tena kuliko zamani. Ila lilikuwa jeusi lote, halina weupe wala mng'ao, na daktari alipolimulika tochi alirudi nyuma akasema mwanga haupiti kuingia ndani. Kwa shehe Kiwembe hakwenda. Angemwambiaje kwamba alimkaribisha mwenyewe?

Alasiri moja Kadogo alipanda mapajani kwake karakanani, mama yake akiwa anaongea na wateja nje. Akamshika mjomba wake mashavu, akalisogelea lile jicho, akachungulia kama watoto wanavyochungulia dirisha la gari lililoegeshwa.

"Mjomba," akanong'ona, "yule wa kwenye gari kahamia kwako."

"Nani kakwambia?"

"Namsikia. Anagonga." Mtoto akatega sikio kidogo. "Anasema humo pazuri, ila upande mmoja unaingiza mwanga. Anauliza jicho la pili lini."

Kiwembe akamshusha mtoto polepole. Akaenda kwenye kipande cha kioo kilichotundikwa juu ya meza ya kazi, akalifumba la kulia kwa kiganja, akatazama la kushoto. Lilikuwa na weupe wake, zima. Akasema alhamdulillah. Kisha akasogea zaidi, na kwenye kona ya chini, pale weupe unapokutana na kope, akaona mapovu madogo matano yamelizunguka kubwa moja.

Akaweka ncha ya kidole, akalisukuma.

Likahama.