Zamu kwenye Nyumba ya Thok

Kile kiti cha pembeni pale kafe kilikuwa kimelowa tena. Adit alikifuta, akakianika juani, wapi! Bado kilinuka tope la mtoni. Kilikuwa kiti cha kaka yake Thok, aliyezama kwenye mto Bahr el Jebel mvua zilipoanza. Maiti haikuonekana, jamani. Kwa hiyo Adit alikataa katakata kuandaa bika, ule msiba wa kukaa mkekani na kulia pamoja.

"Nimlilie nani? Atarudi," alisema, na nani angembishia?

Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani wa Naivasha, vita vya Sudan vilipokwisha, watu wakirudi Juba kila mmoja na alikotoka. Adit na Thok walikulia Eldoret. Hapa mtaani Hai Cinema hawakumjua hata jirani. Adit akapata kazi kwenye intaneti kafe ya Lubega, Mganda mpole, na humo ndugu hao wakaanzisha kijiji katika mchezo wa mtandaoni. Wakajiunga wenzao waliotawanyika Kakuma, Kampala, Nairobi. Kila mchezaji alikuwa na nyumba yake kwenye skrini, na wanyama wakali waliivamia isiyo na mtu. Basi Adit akaweka sheria: asiyekuwepo, wenzake wanamlindia kwa zamu mpaka arudi. Sheria hiyo ndiyo iliyowafanya ndugu. Watu wasiowahi kuonana wakawa wanaulizana hali, wanaombeana, wanataniana hadi raha. Upweke usikie tu kwa wengine. Ukipata watu wako, unawang'ang'ania.

Thok alipozama, wakailinda nyumba yake, wote, kwa mapenzi. Punde Wiyual wa Kakuma akaandika kwamba tangu zamu yake anakohoa maji. Kakuma kwenye ukame vile! Kisha Janepher wa Kampala naye. Adit akasoma, akapanga zamu inayofuata. Nyumba ile ndiyo iliyombakia.

Mchana mmoja jenereta ikazimika. Kompyuta zote zikafa isipokuwa ile ya pembeni aliyoichezea Thok, ambayo iliendelea kuwaka bila umeme, vitufe vyake vikibonyea kimoja kimoja pasipo kidole, na maji yakichuruzika mezani hadi sakafuni, na ile harufu ya tope ikipanda mpaka Adit akaionja ulimini, huku maneno yakijipanga polepole mbele yake: *Baridi, Adit. Mnanilinda, siwezi kutoka.*

Lubega, mtu anayeshtushwa hata na paka, alitoka mbio akaacha kandambili moja mlangoni. Alirudi na Josline, mama wa maombi wa kanisani kwao. Josline alinusa hewa, akapiga magoti kwenye maji, akaomba kwa muda mrefu.

"Dada," akanong'ona, "huyu hapana baya. Ni nyinyi nakataza yeye kwenda. Vunja ile nyumba, halafu lia. Lia kama watu."

"Nikivunja nitabaki na nani, mama?"

"Na wale nakohoa, wewe nataka wakufe?"

Adit alilia huku akibonyeza. Nyumba ya Thok ikabomoka, skrini ikazimika. Wiki hiyo hiyo mkeka ukatandikwa, majirani ambao hakuwajua wakaja kulia naye, na kule mtandaoni wenzake wakaandika pole hadi ukurasa ukajaa. Wiyual akapona. Janepher naye. Kiti kikakauka, na Adit akakubali kwamba hana kaka tena.

Msiba ulipokwisha akarudi kazini, akafungua kijiji. Nyumba yake ilikuwa salama, haikuguswa na mnyama.

*Asanteni kwa kunilindia,* akaandika.

*Si sisi, dada,* Wiyual akajibu. *Tulikuwa tunalia nawe. Hakuna aliyeshika zamu.*

Adit akatazama vizuri. Mlangoni kwake alisimama mlinzi asiye na jina.

*Thok, nenda,* akaandika. *Khalas, imetosha. Nimesharudi.*

Mlinzi hakusogea. Maneno yakajipanga chini yake, polepole: *Nalinda mpaka uje huku.*

Koo likamwasha. Adit akakohoa, akaziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kikajaa maji.