Aliyekaa Chini ya Betri

Jeli ilikuwa inachemka. Mpimaji wa moyo alimpaka kaka yake kifuani ikiwa baridi, na sasa ilitoa mapovu na harufu ya nywele zilizoungua.

"Kaka, inakuunguza?"

"Wala. Malizia, mdogo wangu, njaa inaniuma."

Kipimo hiki hakina kisu wala sindano. Unaweka kichwa cha mashine juu ya ngozi, palipofichwa betri inayousukuma moyo mchovu, kisha unaipunguza kasi uone moyo wenyewe una nguvu gani. Sheria ya kazi ni kwamba ndugu hupimwa na mwingine, ila yeye aling'ang'ania. Damu nzito kuliko maji.

Akaishusha kutoka mapigo sabini kwa dakika hadi thelathini. Kwenye skrini mapigo yakaruka mpaka mia mbili. Akamshika kaka mkono. Mshipa ulikuwa kimya.

"Usiipandishe," sauti nzito ikatoka kifuani, midomo ya kaka imefumbwa. "Miaka miwili kidude hiki kinanichapa."

"Daktari!" aliita.

Daktari aliingia mbio, lakini hakuwahi kuuliza kitu. Kaka aliinuka akamkaba shingo, akambamiza ukutani mara tatu, meno yakatawanyika sakafuni, kisha akamgeukia dada yake, akaupinda mkono wake mpaka mfupa ukalia, naye kwa mkono uliobaki akapapasa mashine akaipandisha betri, sabini, tisini, mia na ishirini, huku kifua cha kaka kikifurukuta kama gunia lenye paka, mbavu zikivunjika moja baada ya nyingine na damu ikimtoka puani.

"Toka!"

"Nikitoka, natoka na moyo wake. Pandisha basi, uone."

Midomo ya kaka ilikuwa imegeuka buluu. Dada alilichukia lile jini lililomkaa kaka kifuani, lakini kaka alikuwa mmoja tu. Akairudisha sabini. Kaka akaanguka kitandani, akapumua.

Mwezi ulipopita, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alimpelekea chakula nyumbani. Kaka hakukumbuka lolote, hata kilichomlaza daktari na kumvunja yeye mbavu. Alikula akashiba, akafuta midomo, akauliza kama wagonjwa wote wanavyouliza:

"Hivi betri yangu imebaki miaka mingapi?"

Mashine ilikuwa imesoma sita.

"Ishirini, kaka."

"Alhamdulillahi," kaka akasema, akafumba mdomo.

"Sita," kifua kikajibu.