Vitufe vya Fardosa

Haya yalimpata Jalal, rafiki yangu wa mtaa wa Rhonda, na kila akiyasimulia sijawahi kumsikia akiyatia chumvi.

Kompyuta ya gemu ilikuwa ya dadake, Fardosa, aliyefariki mwaka jana. Mfumo wake ulikuwa umezeeka, gemu mpya zinakataa kufunguka, na fundi alikuwa amemwambia Jalal, "Boss, ukiweka mfumo mpya, vitu vyote vya dadako vitafutika." Mama yao alipoulizwa alisema tu, "Fanya vile unaona."

Basi alasiri moja Jalal aliingia chumba cha dadake, kile kisicho na dirisha, akaiwasha. Alipoanza kuweka mfumo mpya, swali likatokea kwenye skrini: aendelee kufuta vyote ama aache. Alikaa hapo muda mrefu, mkono kwenye kipanya, mvua ikipiga mabati. Mwishowe akabonyeza kuendelea.

Stima ikapotea mtaa mzima. Skrini ikazimika, feni ya kompyuta ikanyamaza, giza likajaa chumba.

Ndipo akasikia kibodi. Tap, tap-tap, kimya kidogo, tap. Hivyo ndivyo Fardosa alivyokuwa akicheza akikimbizwa na adui. Jalal alijiambia ni mabati yanavuja.

"Mathe?" akaita.

Mamake akaitika kutoka jikoni, mbali.

Akanyoosha mkono polepole gizani, akauweka juu ya kibodi ili ile sauti iishe.

Vitufe vikaendelea kubonyea, kimoja kimoja, chini ya kiganja chake.