Dakika Ishirini na Nane za Volkmar

— Dakika ishirini na nane, Volkmar. Zilikwenda wapi?

Volkmar Brüning alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafungua kamba ya sanduku la vifaa vyake vya kutengenezea redio. Hiyo ilikuwa Jumatano, na harusi ilikuwa Jumamosi; alikuwa ameanza kuhamishia vitu vyake nyumbani kwa bibi harusi. Aliinua kichwa. Mchumba wake, Rotraut, alisimama dirishani, mkono mmoja ameshika kitabu cha jalada la bluu, mkono wa pili barua iliyochakaa kwenye mikunjo.

— Kitabu changu cha safari za ndege! Umekitoa wapi?

— Chini ya soksi zako. Nikaona heri nisome maisha ya mume wangu mtarajiwa.

Kwa kweli alikuwa amekisoma kwa raha. Ukurasa wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na sita anaruka kutoka kilimani na ndege isiyo na injini: sekunde arobaini hewani. Kisha shule ya marubani. Kisha vita, Urusi, safari nne kwa siku moja. Kisha kurudishwa nyumbani kupigana na ndege za Wamarekani zilizokuja kulipua miji. Pembeni mwa kurasa kulikuwa na mistari kumi na mmoja myekundu, mmoja kwa kila ndege aliyoiangusha. Rotraut alikuwa na maswali chungu nzima, mpaka alipofika tarehe aliyoijua kuliko siku yake ya kuzaliwa.

— Machi kumi na tano, mwaka arobaini na nne, akasoma. Siku aliyokufa Eckart, mume wangu na rubani mwenzako. Kitabu kinasema ulitua uwanjani saa nne na dakika hamsini na mbili. Barua yako ya ushahidi inasema ulimwona kwa macho yako akianguka baharini saa tano na dakika ishirini.

— Labda nilikosea saa.

— Kitabu hiki hakijakosea kwa miaka minne.

— Saa hizo huandikwa na karani wa uwanja, si rubani.

— Basi namwamini karani mwenzangu.

Rotraut alikuwa karani wa ratiba katika kituo cha treni cha Uelzen. Treni ikichelewa dakika tatu, yeye ndiye aliyeuliza kwa nini.

— Nijibu moja tu. Eckart amekufa?

— Amekufa.

— Ulimwona?

Volkmar akaitazama kamba mkononi mwake.

Pale mtaani walikuwapo wanawake wawili waliotangaziwa ujane, kisha mume akatokea mlangoni kutoka kambi ya wafungwa, amebeba blanketi na kijiko. Rotraut aliishi na Eckart siku kumi tu baada ya ndoa, kabla ya likizo yake kwisha. Ujane wake wote ulisimama juu ya sahihi moja, nayo ilikuwa ya huyu aliyepiga magoti mbele yake.

— Nenda kwenu, Volkmar. Sanduku liache hapo.

Asubuhi yake, akiwa kazini, aliomba simu ya Augsburg, kwa fundi aliyekuwa akiihudumia ndege ya Volkmar. Kadi ya Krismasi aliyowatumia, yenye namba ya karakana yake ya malori, bado ilikuwa ukutani nyumbani.

— Häusl hapa! Nani ananitoa chini ya lori?

— Naitwa Rotraut, mchumba wa Volkmar Brüning.

— Ehee! Yule wa masikio makubwa! Bado anaimba akinyoa ndevu?

— Bado. Mzee Häusl, siku aliyokufa Eckart, kitabu kinasema Volkmar alirudi mapema kwa sababu injini ilitikisika.

Mwanamke wa simu akaingilia:

— Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?

— Tunaendelea, wakasema wote wawili.

— Binti, muulize mwenyewe.

— Nilimuuliza, akanyamaza.

Fundi akashusha pumzi.

— Niliifungua ile injini siku nzima. Haikuwa na ubovu wowote. Lakini usikate simu! Baada ya Krismasi walikuwa marubani kumi na wanne. Siku ile walikuwa wamebaki watano. Asiyekaa ndani ya kile chombo asimcheke. Halafu jioni ile akaazima baiskeli yangu. Siku tatu sikuiona. Aliirudisha gurudumu limepinda, matope mpaka kwenye kengele.

— Alikwenda wapi?

— Hakusema. Mwambie bado nalidai gurudumu langu.

Jioni Rotraut alimkuta Volkmar nje ya kituo, kofia mkononi.

— Injini haikuwa na ubovu, Rotraut.

— Najua.

— Mimi ndiye niliyeishiwa. Tulipoziona zile ndege, mamia yake, mkono wangu ukageuza usukani. Nikamwambia Eckart kwa redio: injini mbovu, narudi. Akanijibu, "Haya, mzee, niachie supu."

Rotraut akageuza uso. Hiyo ilikuwa sauti ya Eckart hasa.

— Kwa hiyo hukumwona.

— Sikumwona. Nilimtafuta kwa baiskeli, kijiji kwa kijiji. Oldenbrook nikampata mama mmoja, Theda Meinecke, aliyeona ndege ikizama kwenye kinamasi. Mwili haukupatikana. Na kwetu bila shahidi wa kikosi hakuna kitu. Hata ndege ya adui haikuhesabiwa mpaka rubani mwenzako atie sahihi. Neno la mama mkulima walilitupa. Ungeandikiwa "hajulikani alipo", ungekaa dirishani mpaka leo.

— Ukanionea huruma.

— Ndiyo. Na nikajificha.

— Huko Oldenbrook ni nchi kavu. Wewe uliandika baharini. Kwa nini?

Volkmar alizungusha kofia mara mbili.

— Ungejua ni Oldenbrook, ungeenda. Mama Theda angekwambia Eckart alikuwa peke yake angani.

— Miaka saba sina hata pa kuweka ua, Volkmar!

Abiria mmoja akageuka kuwatazama. Rotraut akashusha sauti.

— Kesho treni ya huko inaondoka saa mbili na dakika kumi na nne. Ukichelewa, usije tena maishani mwangu.

Hakuchelewa. Walikaa wakitazamana, magoti yao hayagusani. Vituo viwili vikapita ndipo Rotraut akauliza:

— Wale kumi na mmoja wa mistari myekundu. Wake zao waliandikiwa na nani?

— Sijui.

— Umewahi kujiuliza?

— Zamani sikujiuliza. Siku hizi kila siku.

Mama Theda aliwaona tangu getini, akajifuta mikono kwenye aproni.

— Hatimaye! Huyu huja kila Machi kuupaka rangi msalaba wa mwenzake. Nikimwambia mlete mjane, ananiambia mwakani. Miaka saba, mwakani tu! Unaitwa nani, mwanangu?

— Rotraut. Mama, niambie ulichokiona. Usinifiche.

— Nikufiche nini? Nilikuwa nimebandika viazi, nikatazama saa ya jikoni, tano na ishirini. Ndege ikapita juu ya paa letu, chini kabisa, namba saba ya manjano ubavuni. Nilimwona kijana ndani. Kichwa kimeinama hivi, kama aliyesinzia kanisani. Alikuwa ameshakwenda huyo. Hakuhisi matope wala maji.

— Namba saba ilikuwa yake, akasema Volkmar taratibu.

Mama Theda aliwapeleka ukingoni mwa kinamasi. Msalaba mdogo mweupe, jina la Eckart limeandikwa kwa mwandiko ambao Rotraut aliujua. Alisimama pale muda mrefu. Alilia, kisha akapiga chafya kwa baridi, kisha akacheka kidogo, maana Eckart naye kila akilia alipiga chafya.

Waliporudi jikoni aliomba karatasi, akaisukuma mezani mbele ya Volkmar.

— Andika upya. Ulichokifanya, na alichokiona mama. Kila saa mahali pake.

Aliandika kurasa mbili. Alipofika kwenye neno "niliogopa", kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. Rotraut alisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kile kitabu cha bluu.

— Kuogopa nilikusamehe tangu kwenye simu, akasema. Bahari bado.

— Na Jumamosi?

— Jumamosi nitakuja. Lakini shahidi wangu namchagua mimi.

Hivyo Jumamosi, kwenye ofisi ya ndoa ya Uelzen, msajili aliinua macho kumtazama mama mmoja mwenye viatu vya shamba.

— Shahidi wa bibi harusi ni wewe? Unamfahamu bwana harusi?

— Namfahamu sana, akasema Mama Theda. Nimemwona akiwa hafai, nimemwona akiwa anafaa. Nitie sahihi wapi?

Alikuwa ameleta sinia la keki ya siagi, ile inayoliwa harusini na matangani pia. Ya matanga ya Eckart aliioka mwaka ule wa arobaini na nne, wakaila yeye na kijana mmoja mwenye matope.

Rotraut alikata kipande cha kwanza. Hakumlisha mume wake. Alikifunga kwenye kitambaa safi, akakiweka kwenye mkoba.

— Cha nani hicho? akauliza Volkmar.

— Cha Eckart. Kesho tunampelekea.

— Tunampelekea?

— Mimi na wewe. Jumapili treni ni saa tatu na nusu.

— Saa tatu tutakuwa kituoni, akasema Volkmar.

Rotraut akakata kipande cha pili, akampa.