Kitambaa Juu ya Televisheni

Jioni ilipokaribia, milango ya kota za polisi za Naguru ilifungwa mapema. Si baridi iliyowaingiza watu ndani. Ilikuwa miaka ya serikali ya jeshi, na mtu mwenye akili zake alikuwa kwake kabla ya giza, hata kama yeye mwenyewe ni polisi.

Ndiyo maana Santina aliipenda televisheni yake. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao, na picha zake zilikuwa nyeusi na nyeupe. Shemeji yake, Olweny, aliwaachia alipohamishiwa Gulu. Tangu hapo nyumba haikukosa watu. Majirani walikuja na vigoda vyao, wakatazama ngoma, wakatazama mpira, wakayasahau kidogo ya nje.

Santina aliitunza televisheni kama mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima haachwi uchi. Pale kota, mwanamke hupimwa kwa vitambaa vyake. Kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata birika la chai lina chake. Basi Santina alishika sindano ya kroshia na uzi mweupe, akafuma msimu mzima wa mvua. Kitambaa kilipokwisha kiliifunika televisheni juu, ubavuni na nyuma, hadi chini. Mbele tu ndiko alikoacha wazi. Wake wa polisi walikitazama kitambaa kwanza, picha baadaye. Santina aliliona hilo, akafurahi, wala hakujisumbua kuificha furaha yake.

Wakati huo mama mkwe wake, Akullo, alikuwa pale nyumbani. Alitoka kijijini kuja kutibiwa mguu katika hospitali ya Mulago. Mguu ulikuwa sababu ya kwanza. Sababu ya pili, ambayo kwake ndiyo ilikuwa ya kwanza, ni mjukuu wake Laker, binti wa Santina. Akullo ndiye aliyemlea Laker tangu alipoacha ziwa mpaka alipoanza shule. Sasa Laker alikuwa msichana mkubwa, anasomea uuguzi katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Barabara zilijaa vizuizi vya askari, mguu wa bibi ulikuwa umevimba, na Laker alikuwa na mitihani. Hawakuwa wameonana tangu Krismasi. Kila mara Laker alituma salamu zile zile, kwamba ni mzima na wasiwe na wasiwasi.

Kisha ikaja habari njema. Kwaya ya chuo cha Laker ingeimba kwenye televisheni Jumamosi jioni.

Santina alimwahidi mama mkwe wake kwamba atamwona Laker bila kutoka pale kwenye mkeka wake. Akullo akaanza kuhesabu siku kwa vidole. Santina naye akaanza kukosa usingizi, maana televisheni ilikuwa inaumwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa ajabu. Ikiwashwa, picha ilikuja safi. Muda wa kuivisha sufuria ya ugali ukipita, picha ilianza kuvutika juu na kujikunja chini. Halafu ilipanda, ikapotelea juu, ikaingia tena kutokea chini, ikapanda tena. Mume wa Santina, Konstebo Faustino Ojok, aliipiga kofi ubavuni. Ilitulia kidogo, kisha ikaanza tena. Ojok, ambaye hajawahi kumpiga hata kuku, akawa anaichapa televisheni kila jioni.

Aliuliza kwa wafanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka. Wote walimjibu kwamba ni spea, na spea hazipo, labda Nairobi. Siku hizo kila kilichokufa kilikufa kwa kukosa spea, na mara nyingi ilikuwa kweli. Ojok akakata tamaa. Santina yeye alilaumu vumbi. Akaongeza kitambaa cha pili, kizito, chini ya kile cha kwanza. Picha ikazidi kuharibika.

Jumanne ofisa mmoja wa jeshi alikuwa anasoma taarifa. Mara paji lake la uso likarefuka, kidevu kikamezwa, kisha ofisa mzima akapanda juu na kuingia tena kutokea chini. Akullo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Watoto wa jirani wakaangua kicheko pamoja naye.

Ojok aliganda. Kumzima ofisa anayesema ni kosa. Kumcheka ni kosa kubwa zaidi, na kuta za kota ni nyembamba. Aliongeza sauti mpaka mwisho, akawaamuru wote watazame sakafu. Wakaisikiliza taarifa yote vichwa chini, kama watu walio kanisani.

Watoto walipoondoka alimwendea mama yake, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, watu nachukuliwa kwa kucheka tu. Hapana cheka tena, nakuomba."

"Mimi nimecheka picha, mwanangu. Sikucheka mtu."

"Wao hapana jua hiyo tofauti." Ojok akamgeukia mkewe. "Mama Laker, hii kitu italeta maneno. Kesho kutwa kama bado iko hivi, mimi natoa nje."

"Na Laker?"

Ojok akatazama pembeni. Alimpenda binti yake kupita kiasi, na Santina alilijua hilo. Lakini hofu nayo ina haki yake, hasa kwa mtu mwenye familia.

Asubuhi Santina alikwenda Kalerwe kununua mboga. Karibu na soko palikuwa na karakana ndogo ya redio. Mwenyewe alikuwa mzee Habib, wa ukoo wa Waislamu waliotoka pwani zamani na misafara ya biashara. Macho ya mzee yalipochoka, binti yake Mwanawetu alishika kazi. Santina alipita pale mara nyingi bila kusimama. Siku hiyo alisimama, maana kuuliza si ujinga.

Alieleza yote, isipokuwa kicheko. Mwanawetu alisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye redio. Kisha akauliza swali moja tu: je, picha huanza mbaya, au huanza nzuri kisha ikaharibika?

"Inaanza muzuri," alisema Santina. "Ikikaa, ndio naharibika."

"Basi yawezekana si spea. Ilete."

Santina alimwambia ni nzito, na barabarani askari watauliza imetoka wapi. Akamwomba aje yeye. Mwanawetu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Dada yangu, siku hizi watu hawaingii kota za polisi kwa miguu yao."

"Bwana yangu atangoja wewe geti. Utaingia na yeye, utatoka na yeye. Mimi naapa."

Mwanawetu alimtazama usoni. Kisha akachukua mfuko wake wa vifaa.

Santina alitangulia kumwarifu mumewe, na Ojok akangoja getini kweli. Alimpitisha fundi kwa adabu, mfuko wenyewe akaubeba yeye, ili mtu asiulize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hiyo Ojok aliuamini msemo huo kwa moyo wote.

Mwanawetu hakufungua chochote. Aliwasha televisheni, akaomba chai, akaketi. Wakanywa. Chai ilipofika katikati, picha ikaanza kuvutika. Ojok akainua mkono wake kama kawaida.

"Usiipige, afande," alisema Mwanawetu. "Ndani mna vioo vyembamba. Ukiipiga leo inatulia, kesho unavunja kitu, na hicho ndicho utakachokitafuta mpaka Nairobi." Akamgeukia Santina. "Ingiza mkono chini ya kitambaa, kule nyuma juu."

Santina akaingiza mkono, akautoa haraka. Palikuwa moto kama pasi.

"Sanduku hili linapumua," Mwanawetu akaeleza polepole. "Ndani mna valvu, zinawaka kama balbu ndogo. Zinatoa joto. Nyuma na juu kuna matundu ya kutolea joto hilo. Yakizibwa, vyombo vya ndani vinachemka, na vikichemka picha inavutika, inajikunja, inapanda. Mashine yako haina ugonjwa, dada. Imevikwa blanketi juani."

Santina alikitazama kitambaa chake. Aliona aibu, kisha akaona uchungu. Msimu mzima wa mvua aliufuma ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe, na juzi aliuongezea tabaka la pili. 

"Mimi niliona joto zamani," alisema Ojok taratibu. "Nikaogopa kusema. Ulifurahi sana na hiyo kitambaa."

"Ukaona afadhali upige televisheni?"

"Afadhali hiyo kuliko wewe kulia."

Santina akacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Ana mume wa aina gani huyu, anayeogopa kuumiza uzi?

Mwanawetu alichomoa waya ukutani. Wakaingoja televisheni ipoe. Aliwaonya kwamba yeye tu ndiye atakayefungua mgongo wa televisheni, maana umeme hujificha ndani hata waya ukiwa umechomolewa, na unaweza kuua mtu. Alijua mahali pa kuutoa kwanza. Ndipo akafuta vumbi kwa brashi laini, akafunga, wakaisogeza televisheni mbali na ukuta kiasi cha shibiri.

Alipoiwasha tena, alimwonyesha Santina kitufe kidogo cha kuzungusha kule nyuma kwa nje. Picha ikipanda au kushuka, kigeuze kidogo tu, mpaka isimame. Ikiwa picha inajaa chengachenga kama mvua, usiguse kitufe hicho, tazama antena na waya wake kwanza. Ikiwa inaanza nzuri kisha inaharibika, fikiria joto. Alimfanya Santina arudie, na Santina akarudia vizuri kuliko Ojok.

"Na kitambaa nitupe?" aliuliza Santina.

"Utupe kazi nzuri hivi? Ukimaliza kutazama, zima, ngoja ipoe, ndipo uivike. Ukitaka kuwasha, ivue kwanza. Hata binadamu havai koti la mvua jikoni."

Jumamosi chumba kilijaa. Santina alikivua kitambaa mbele ya wake wote wa polisi, akakikunja, akawaeleza sababu. Mmoja wao, mama Nashon, aliondoka mbio kwenda kuivua redio yake kubwa ya valvu. Taarifa ilisomwa. Uso wa ofisa ulikaa mahali pake mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyepata la kucheka. Ojok akapumua.

Kisha kwaya ikaingia. Laker ni mfupi, kwa hiyo walimsimamisha mstari wa mbele, chini kabisa ya picha, pale ambapo juzi pangejikunja. Picha ilisimama imara. Macho yake yalionekana, shingo yake ilionekana, hata mifupa ya mabega chini ya gauni jeupe. Majirani walipiga makofi. Ojok alisahau kwamba yeye ni polisi, akalia mbele ya watu.

Akullo peke yake hakupiga makofi. Alisogea na mkeka wake mpaka karibu na kioo, akamtazama mtoto aliyemlea, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili. Kwaya ilipoinama na kuondoka, aligeuka.

"Mtoto amekonda," alisema.

 Santina pia alikuwa ameona. Salamu zote za Laker zilisema ni mzima.

"Nipe simsim na karanga," alisema Akullo, akajishika ukutani na kusimama kwa ule mguu wake mbovu. "Nasaga odii, siagi ya kunenepesha, sasa hivi. Kesho asubuhi Ojok atavaa yunifomu, atanipitisha kwenye vizuizi vyao vyote, na huyo mtoto atakula mbele ya macho yangu."

Ojok akaenda kuipiga pasi yunifomu.