Msalaba wa Mukuka Ubavuni mwa Injini

Ilikuwa miaka ile tuliyoitana citoyen, yaani raia, barabarani, kwa amri ya serikali, majina ya ubatizo tukiyaficha nyumbani. Mukuka, fundi wa magari kule Katuba, alikuwa na tabia yake: kila injini aliyoitengeneza aliigongea msalaba mdogo kwa patasi, ili dereva arudi salama. Watu walimcheka, lakini magari walimletea yeye.

Jumamosi moja, jua likiwaka vizuri, Kunda akafika na injini ya Peugeot 404 kwenye mkokoteni, imefunikwa magunia.

"Citoyen, angalia hii motere. Kama iko muzuri, uifunge leo leo mu gari yangu."

Mukuka akaiosha kwa petroli. Akaizungusha kwa mkono, ikazunguka laini. Akachomoa buji, zile plagi za kuwashia moto; safi. Kisha akatafuta namba ubavuni. Kando ya namba palikuwa na kiraka cha shaba. Juu ya kiraka, msalaba wake.

Kiraka kile alikitia mwenyewe kwenye injini ya taksi ya rafiki yake Nkandu, aliyepotea pamoja na gari njia ya Kipushi, mvua zilizopita.

"Umeitosha wapi?" akanong'ona, akitaka kujua ilikotoka.

"Futa namba," Kunda akasema polepole. "Na kale kamusalaba kako. Ao unataka bakutafute na weye?"

Mukuka akashika tupa. Akafuta namba. Akafuta msalaba. Vumbi la chuma likamwingia mdomoni, akalimeza.

Mama Clotilde, mke wa Nkandu, akaingia uani kama alivyozoea, akamwita Mukuka kwa jina la bintiye.

"Baba Mwansa, haujasikia kitu juu ya bwana yangu? Hata mufupa moja, nizike."

"Hapana, mama."

Injini ilikuwa chini, juu ya mbao. Haina mafuta. Haina betri. Ikakohoa.

Kunda akacheka. Wakaifunga.

Kesho yake, nje ya kanisa baada ya misa, Mwansa, binti mdogo wa Mukuka, akalia kwamba mgongo unamuuma. Mama Clotilde akamfunua nguo. Namba zilikuwa zimevimba kwenye ngozi, zimenyooka kama zimepigwa kiwandani. Chini yake, msalaba.

"Hii namba naijua," akasema. "Naipelekaka kwa polisi kila juma. Iko ya gari ya Nkandu. Baba Mwansa?"

Mukuka akamtazama mtoto. Akamtazama Kunda, ameegemea mlango wa kanisa.

"Siijui, mama."

Mtoto akakohoa. Ikamtoka oili nyeusi, ya moto.

Hakufa. Ni msichana mkubwa sasa, na mgongo wake ni wa baridi hata kwenye joto la Oktoba. Namba haijafutika.

Ndugu unayenisikiliza, ukipita njia ya Kipushi ukakuta mifupa, usiiache. Umpelekee Mama Clotilde; hadi leo hajazika.