Chujio la Dada

Saa saba mchana.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili na jasho. Kisigino, mkubwa wao, alichora ghala kwa chaki sakafuni.

"Mlinzi anakwenda kula saa nane. Nyundo, kufuli ni lako. Nyaya za shaba ziko kushoto. Breki, usizime gari."

"Na chujio langu," dereva alikumbusha.

Nyundo aliangua kicheko. "Jambazi mzima unaiba chujio! Unapika chai?"

Breki hakucheka. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, figo zake zimekufa. Mashine humsafisha damu, na mashine hiyo hutumia maji mengi. Maji ya mjini husafishwa kwa shabu, na shabu ina alumini. Mwenye figo nzima huikojoa, mambo yakaisha. Dada inamwingia damuni moja kwa moja, maana chujio la kliniki limechakaa, kisha inajikalia kwenye mifupa na ubongo. Siku hizi nyonga zinamuuma usiku kucha, mikono inatetemeka, na jana alilitafuta neno "kijiko" mpaka akalia. Breki akiuliza kliniki, anaambiwa chujio jipya litanunuliwa mwezi ujao. Mwezi ujao gani huo usiofika? Alikuwa amechoka kuambiwa avute subira.

"Chujio ni lako," Kisigino alisema. "Nimekupa neno langu."

Saa nane na robo.

Kufuli lilisalimu amri. Nyaya zikapakiwa. Breki akatoka na sanduku la chujio amelikumbatia. Kisigino akasoma maandishi ubavuni.

"Hili lina mnunuzi. Tunaliuza."

"Ulinipa neno!"

"Nimelibadilisha. Pakia."

Breki akapakia. Wenzake wawili waliporudi ndani kuchukua nyaya za mwisho, akakanyaga mafuta. Kwenye kioo aliwaona wakimkimbilia, kisha wakabaki nyuma kabisa.

Saa tisa kasorobo.

Geti la kliniki lilikuwa pale mbele. Gari la polisi likamziba njia.

"Tumepigiwa simu," askari alisema. "Tumetajiwa namba ya gari, mpaka rangi."

Kisigino huyo. Nani mwingine?

Saa kumi, kituoni.

"Afande, hili lipelekeni kliniki, nakusihi. Dada yangu anaingia mashineni kesho. Mimi nifungeni."

"Ni kielelezo," Inspekta alijibu. "Litakaa hapa mpaka kesi iishe."

"Basi iishe leo! Nakiri. Nimeiba."

"Peke yako?"

Maisha yake yote Breki hakuwahi kumchoma mwenzake. Akamtaja Kisigino. Akamtaja Nyundo. Akaitaja gereji, akataja na njia ya kuifikia.

Inspekta aliandika taratibu, akafunga faili.

"Umetusaidia sana, kijana. Sasa lazima kesi isubiri mpaka tuwakamate wote hao."

"Itachukua muda gani, afande?"

Inspekta alilibeba sanduku mpaka stoo, akalisukuma nyuma ya baiskeli tatu zilizoota kutu, kila moja ikiwa na kikaratasi chake cha kesi.